Sosisi ya nguruwe «aliyelelewa kwa upole»: tusome etiketi vile tunasoma kitabu



Leo tunafanya uhakiki, lakini hatuhakiki kitabu wala filme. Tunahakiki pakiti ya sosisi.

Musicheke kwanza. Pakiti ya sosisi ni maandishi kama maandishi mengine. Iko na mwandishi, ni kampuni yenye kuuzisha. Iko na musomaji, ni mutu mwenye kusimama mbele ya frigo na feza mukononi. Iko na hadithi na iko na shujaa, na shujaa ni nguruwe. Mambo mengine inayasema kwa sauti kubwa, mengine kwa herufi ndogo, na mengine inayanyamazia kabisa. Sisi wenye tulipita iniversite tulifundishwa kusoma namna hiyo mashairi na hotuba za wanasiasa. Sasa kwa nini tukifika ku chakula tunafunga macho?

Wenye hawakulake nguruwe juu ya dini, mubaki na sisi. Hoja hii inagusa pia kuku, mayai na maziwa yenye kuandikwa «bio».

Sosisi yenye tunahakiki ni ile ya bei kali, ya Uingereza zaidi, yenye kuchorwa majani mabichi na kuandikwa kwamba nguruwe alilelewa nje, kwa upole, katika malisho. Tunaanza kwake kwa sababu kule maneno hayo yako na sheria nyuma yake, kwa hiyo tunaweza kuyapima. Kisha tutarudi kwetu.

Hadithi ilitoka wapi

Kwanza tuiheshimu. Etiketi hiyo haikuzaliwa na mode tu. Mwaka wa 1964, Mwingereza Ruth Harrison alitosha kitabu «Animal Machines», kilichoonyesha namna wanyama walikuwa wanafungwa katika mashamba ya kisasa. Mwaka wenye kufuata, 1965, kamati ya Brambell yenye iliundwa na serikali ilitoa ripoti juu ya jambo hilo. Wakati huo na kisha wakati huo, mama nguruwe wengi walikuwa wanapitisha mimba katika kizimba cha chuma cha karibu sentimetre 60 kwa metre 2. Anaweza kusimama na kulala, lakini hawezi kugeuka. Mimba ya nguruwe ni siku 114, wafugaji wanasema miezi 3, wiki 3 na siku 3. Jaribu kuwaza miezi hiyo yote bila kugeuka hata mara moja.

Uingereza ilikataza vizimba hivyo mwaka wa 1999. Umoja wa Ulaya ulivipunguza kuanzia 2013, lakini bado unaruhusu wiki 4 za kwanza za mimba. Kule California, wapiga kura walikubali mu 2018 sheria inayoitwa Proposition 12: nyama ya nguruwe isiuzishwe kule kama mama wa nguruwe huyo hakupata nafasi ya karibu metre carré 2,2. Wenye biashara ya nguruwe walipeleka mambo mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 11 Mei 2023 wakashindwa kwa sauti 5 kwa 4.

Kwa hiyo mutu asiseme haya ni maneno ya bazungu wenye kushiba tu. Watu walipigania jambo hilo kwa vitabu, kwa kura na mu tribinali. Uhakiki wetu unaanzia pale: je, pakiti inastahili mapigano hayo?

Mahali pakiti inasema kweli

Namba ya kwanza ya kutazama ni ya nyama, mbele hata ya kutazama picha. Sheria ya Uingereza inasema kitu hakiwezi kuitwa sosisi ya nguruwe kama nyama ya nguruwe haifike asilimia 42. Soma tena: 42. Ni kusema sosisi ya kawaida inaweza kuwa na nyama chini ya nusu, na yenye kubaki ni maji, unga wa mikate mikavu, mafuta na viungo. Lakini sheria inalazimisha pia asilimia ya nyama iandikwe. Sosisi ya bei kali inaandika 85, 90, hata 97. Sosisi ya kimila ya Cumberland, ile yenye kuviringishwa kama kamba na yenye jina lake linalindwa tangu 2011, haiwezi kushuka chini ya 80.

Hapo pakiti inastahili sifa. Namba inapimwa, na kampuni ikidanganya inaweza kushitakiwa.

Ya pili ni ufundi. Sosisi nzuri haiitaji dawa nyingi. Nyama inasagwa kwa tundu kubwa, ikiwa baridi sana, pamoja na mafuta ya karibu robo ya uzito mupaka theluthi. Chumvi inafanya protini za nyama zinate, na kule kunata njo kunashika maji na mafuta ndani. Nyama ikipata joto wakati wa kusaga, mafuta yanayeyuka mbele ya wakati, na ukikaanga sosisi inabaki kavu ndani ya mafuta yake yenyewe. Kisha inaingizwa katika utumbo uliosafishwa vizuri. Mwenye anafanya hivyo anastahili bei yake.

Ya tatu ni utamu, na hapa muhakiki anapaswa kuwa mwangalifu. Ni kweli, nguruwe akiwa na tumbo moja, mafuta yenye anakula yanageuka mafuta yake. Kule Hispania, nguruwe weusi wanakula matunda ya mialoni mu malisho, na mafuta yao ni laini mupaka yanaanza kuyeyuka ku vidole. Ni kweli pia kwamba nguruwe wa aina za zamani, kama Gloucestershire Old Spots ao Tamworth, wanakomaa polepole na wanakuwa na mafuta mazuri. Lakini hapo tunazungumuzia paja, lenye kukatwa likiwa zima. Sosisi inasagwa, inatiwa chumvi, pilipili na majani ya kunukia. Sauti ya malisho inapungua ndani ya kelele hiyo. Sehemu kubwa ya utamu wa sosisi ya bei kali inatoka ku asilimia ya nyama, ku kusaga vizuri na ku nyama mupya. Nguruwe wa ndani, mwenye alitunzwa vizuri, anaweza kutoa sosisi tamu pia.

Kwa hiyo usikubali mutu akuambie «lipa zaidi juu ya malisho, utasikia mu kinywa». Kama unalipa juu ya malisho, lipa juu ya maisha ya nguruwe. Ni sababu nzuri, lakini ni sababu ingine. Pakiti inachanganya hizo mbili, kwa sababu ulimi unafungua porte-monnaie haraka kuliko zamiri.

Mahali inasema kwa herufi ndogo

Sasa tufike ku maneno yenyewe. Pakiti za Uingereza ziko na maneno matatu yenye yanafanana katika masikio ya mununuzi, lakini hayafanane katika maisha ya nguruwe.

La kwanza: «alizaliwa nje». Maana yake mama anaishi nje, mutoto anazaliwa nje, anabaki pale mupaka anaachishwa maziwa, karibu wiki 4, kisha anaingizwa ndani ya nyumba. Nguruwe wa nyama anachinjwa akiwa na miezi 5 ao 6. Fanya hesabu: wiki 4 nje, wiki kama 20 ndani.

La pili: «alilelewa nje». Hapo alibaki nje karibu nusu ya maisha yake.

La tatu: «huru». Huyo njo alizaliwa nje na akabaki nje maisha yake yote.

Mutu mwenye haraka anasoma «nje» mara tatu na anaona nguruwe mumoja. Kule Uingereza karibu asilimia 40 ya mama nguruwe wanazalia nje, na ni kitu cha kusifu. Lakini tutazame vizuri: asilimia hiyo ni ya mama. Mwenye kuwa mu sosisi ni mutoto. Picha ya malisho ku pakiti inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isiwe picha ya nyama yenye unakula. Picha ni ya mama. Sosisi ni ya mutoto.

Hispania ilijaribu kufunga njia hiyo. Sheria yake ya 2014 iliweka rangi 4 ku mapaja na mabega ya nguruwe wa Iberia: nyeusi na nyekundu kwa wenye walikula matunda ya mialoni, kijani kwa wenye waliguswa na hewa ya nje lakini wakakula nafaka, nyeupe kwa wenye walilishwa ndani. Mutu anatazama rangi na anajua. Lakini sheria hiyo inahusu nyama mbichi, paja, bega na nyama ya mugongo yenye kukaushwa. Sosisi haiko ndani. Imeponyoka.

Na Marekani? Kule, kampuni ikitaka kuandika «alilelewa kwa upole», inatuma karatasi za kueleza maana yake, na ofisi ya serikali inakubali etiketi kufuatana na hizo karatasi. Mukaguzi wa etiketi haendi kutazama shamba. Kuna vyama vya pembeni vyenye kutoa alama zao, lakini havifanane. Alama ya Certified Humane haidai nguruwe atoke nje. Ile ya Animal Welfare Approved inadai. Alama mbili, pakiti mbili, mununuzi mumoja mwenye kuwaza ni kitu kimoja.

Mahali inanyamaza

Kuna mambo matatu yenye sosisi hizi haipendi kuzungumuza.

Jambo la kwanza ni chakula. Neno «malisho» linatufanya tuwaze ngombe. Lakini nguruwe si ngombe; hawezi kuishi na majani peke yake. Hata nguruwe huru kabisa analetewa shayiri, ngano, mahindi, na mara nyingi soja yenye ilitoka mbali. Malisho ni nyumba yake zaidi kuliko sahani yake.

Jambo la pili ni pua. Nguruwe akipewa udongo anachimba; hiyo njo kazi yake ya kuzaliwa nayo. Anageuza shamba zuri kuwa matope. Mufugaji muzuri anamuhamisha kila mara mu kipande kingine. Lakini wafugaji wengine wanatia pete ya chuma mu pua ya mama ili kuchimba kumuumize. Ni kusema wanamutosha nje ili aishi kama nguruwe, kisha wanamukataza kile chenye nguruwe anafanya nje.

Jambo la tatu ni siku ya mwisho. Kule Uingereza nguruwe wengi wanazimishwa kwa gazi ya kaboni mbele ya kuchinjwa, na gazi hiyo inachoma mapafu kabla ya kuleta usingizi. Baraza la serikali lenye kushauri juu ya wanyama wa shamba lilishauri mu 2003 kwamba njia hiyo iachwe ndani ya miaka 5. Bado inatumiwa, na kuna nguruwe wa malisho wenye wanapita mu mulango uleule na nguruwe wa ndani. Neno «alilelewa» liko na ujanja wake: linafika ku kamio yenye kwenda machinjioni, kisha linashuka.

Nyama yenye haina uso

Kwa nini haya yote yanakusanyika ku sosisi kuliko ku nyama ingine? Kwa sababu sosisi ni nyama yenye imepoteza uso. Paja unaliona: rangi, mafuta, mufupa. Sosisi ilisagwa, haiwezi kujitolea ushahidi. Mutu mwingine anapaswa kutoa ushahidi juu yake. Sokoni ya zamani shahidi alikuwa jirani yako mwenye alichinja. Leo shahidi ni etiketi. Na shahidi mwenye kulipwa na mushitakiwa, tunajua namna ya kumusikiliza.

Hapo njo tunaingia kwetu.

Mu vijiji vyetu vingi, na hata mu quartier za pembeni za miji, nguruwe anatembea. Anapita barabarani, anachimba, anakula maganda, analala fasi anataka. Tukifuata neno «huru» peke yake, nguruwe huyo anamupita yule wa Uingereza mara mia. Na sasa vijana wenye diplome ya agronomi ao ya biashara wanawaza kufungua kazi ya sosisi «bio», «ya kienyeji», «nguruwe wa hewa safi». Wazo ni zuri. Lakini tukikopa neno bila kukopa kazi yenye iko nyuma yake, tutauzisha ugonjwa na jina la kupendeza.

Peste ya nguruwe ya Afrika ilielezwa mara ya kwanza mu 1921 na daktari wa wanyama Montgomery, kule Kenya. Nguruwe wa walowezi walikuwa wanakufa, na ngiri wa porini walikuwa wanabeba virusi bila kugonjwa. Virusi hivyo havimushike mwanadamu, lakini nguruwe karibu wote wenye kushikwa wanakufa, na hakuna dawa ya kuwaponyesha. Vinapita kwa nguruwe kukutana na nguruwe, kwa kupe, kwa viatu, kwa mabaki ya chakula, na vinaweza kuishi miezi ndani ya nyama ya chumvi ao ya frigo. Mu 1957 ugonjwa ulifika Lisbon, na mabaki ya chakula yenye yalilishwa nguruwe njo yalisemwa kuwa mulango. Mu 1978 uliingia kisiwa cha Sardinia na ukakaa zaidi ya miaka 40. Sababu moja kubwa ilikuwa nguruwe wenye waliachiliwa kutembea mulimani bila uzio, wakichanganyika na nguruwe pori. Ugonjwa ulipungua wakati serikali iliondoa nguruwe hao. Musikie vizuri: ni Ulaya, ni nguruwe wa hewa safi, na uhuru bila uzio uliwaua.

Kwetu ugonjwa huo ni mwenyeji. Na nguruwe wakianza kufa, mwenye nguruwe anafanya nini? Anauzisha haraka, kwa bei ya chini, mbele hasara imumalize. Nyama hiyo inatembea, na virusi vinatembea nayo. Ikiingia mu sosisi, nani atajua?

Kuna pia munyoo wa tenia. Pale hakuna choo, nguruwe mwenye kutembea anakula mavi ya watu. Mayai ya munyoo yanageuka vifuko vyeupe ndani ya nyama yake. Mutu akikula nyama hiyo bila kuiva vizuri anapata munyoo. Na mutu mwingine akimeza mayai yenye yalitoka kwa mutu huyo, kwa mikono michafu ao maji machafu, vifuko vinaweza kukaa mu ubongo wake na kuleta kifafa. Watoto wangapi wameitwa walogwa, kumbe ilikuwa kifafa? Ku nyama nzima, mukaguzi anaweza kuona vifuko hivyo, kama mbegu za muchele. Ukisaga, havionekane tena.

Uzio njo siri

Kwa hiyo hukumu yangu iko hivi. Sosisi ya nguruwe wa malisho, ikifanywa vizuri, ni kitu cha heshima. Lakini kitu chenye kumutofautisha nguruwe wa malisho wa Uingereza na nguruwe wa njia wa kwetu si uhuru. Ni uzio, kibanda kikavu, maji safi, kipande cha udongo chenye kubadilishwa, choo cha watu wa nyumba hiyo, na mutu mwenye kukagua. Uhuru wa nguruwe huyo ni kazi ya kila siku ya mutu mwingine. Picha ya ku pakiti inaficha kazi hiyo ili mununuzi aone majani tu.

Kuna mwenye atasema: «Watu wana njaa, wengine wamekimbia vita, wewe unatuletea upole kwa nguruwe?» Ninaelewa. Lakini wengi kati yetu minerval yetu ililipwa na nguruwe wa mama ao wa tante. Nguruwe ni banki ya wenye hawana banki. Anapokufa na peste, kuna mutoto mwenye anatolewa mu darasa. Kumujengea uzio na kumupikia mabaki mbele ya kumulisha ni upole kwake, na ni minerval ya mwaka wenye kuja. Kwetu hayo mambo mawili hayaachane.

Basi wewe mwenye unataka kuuzisha, usiandike «bio», usiandike «kwa upole», usichore majani. Andika sentensi tano zenye mutu anaweza kuja kuhakikisha: alizaliwa wapi, alilala wapi, alikula nini, alichinjwa wapi na namna gani, na nani alikagua nyama mbele isagwe. Ongeza asilimia ya nyama. Ukishindwa kujibu moja kati ya hizo, hauko tayari kuuzisha.

Na wewe mununuzi, usiulize kama nguruwe alikuwa na furaha. Uliza uzio uko wapi, na kama unaweza kwenda kuuona.